Mwasumini Unaomjua Siwema

Mhandisi Mkwinda alipobisha hodi adhuhuri, Somoe alijua pana neno. Mtu mwenye akili zake hatembei Mikindani adhuhuri ya Januari. Saa hiyo milango yote ya mtaa imefungwa na kuzibwa kwa nguo mbichi chini yake, lami ya barabara inanata kama halua, na hata kunguru, ndege wasio na haya, wamekwisha kutafuta pa kujificha. Tena Mkwinda ni mnene, na jasho lake halingoji kualikwa.

Alipita mlango wa nje, akasubiri ujifunge, akavaa viatu vya mpira katika kile chumba kidogo cha katikati, ndipo mlango wa ndani ukamfungukia. Ubaridi ukampokea. Ungedhani ameingia nchi nyingine: mawaridi yamechanua, mirehani imejaa, mlangilangi unamwaga harufu yake bila choyo, na juu ya vyote hivyo paa la vioo vyeupe linachuja jua. Somoe alikuwa amepiga magoti penye mawaridi, miguu mitupu, akitandaza makumbi ya nazi juu ya udongo ili jua lisiufikie. Kazi ya kiangazi ndiyo hiyo: maji mengi alfajiri, makumbi mchana, na mkasi usiguse mmea ila kuondoa ua lililokwisha kufa. Anayepogoa mmea wakati wa joto anauvua nguo mbele ya moto.

Somoe akamkaribisha maji ya ndimu. Mkwinda akasema hapana. Mtu aliyetoka kwenye jua lile akakataa maji! Somoe akaacha makumbi, akakaa kitako.

“Bi Somoe,” Mkwinda akasema, “juzi ulianguka.”

“Niliteleza.”

“Hukuteleza. Moyo wako ulisita, nimeona kwenye skrini. Lakini si hilo lililonitoa ofisini mchana huu. Wewe ulianguka, bustani haikuanguka.”

Hapa inafaa msomaji aielewe bustani hiyo. Mmea wowote, jua likizidi, hufunga vitundu vya majani yake usipoteze maji. Ni akili, ila ni akili ya mbinafsi, kwani ukifunga hautoi tena ule unyevu unaopoza hewa, na kila aliye karibu nao anachemka. Wataalamu walihangaika na jambo hilo tangu viangazi vilipoanza kuua watu. Dawa waliyoipata ni utando, yaani kuvu waliyoifuga maabara, inayotambaa chini ya udongo na kushika mzizi wa kila mmea. Utando ungali mchanga hulishwa chembe za mwili wa mtu mmoja, ukamjua. Baada ya hapo mtu huyo akikanyaga udongo kwa miguu mitupu, utando husikia mapigo ya moyo wake na kuyapeleka mizizini, nayo mimea hupumua pamoja naye mchana kutwa bila kuogopa jua, kama wachezaji waliompata mpiga ngoma wao. Hewa inayopoa huvutwa kwa mabomba mawili hadi upande wa pili wa ukuta, kwenye vyumba viwili vya wodi ya wazazi. Bila mabomba hayo, kichanga aliyezaliwa Januari huenda asiione Februari.

Na mtunzaji huyo akitoka, mimea hujifunga. Akichelewa huko nje muda wa kuivisha maharage, inaanza kufa. Somoe aliingia akiwa na mimba changa, akaambiwa ni kwa miaka michache, mpaka wapate njia nyingine. Njia nyingine haikupatikana. Mumewe alivumilia kuwa mume wa kupitia mlangoni, kisha akachoka, akaenda zake. Mama yake alifariki mitaa miwili tu kutoka pale, na Somoe aliisindikiza maiti ya mama yake kwa masikio, amesimama ukutani akisikiliza watu wakipita na jeneza. Siwema, mwanawe wa pekee, alilelewa na mama yake mdogo mjini na kuletwa bustanini kila siku kumwona mama, kama anayezuru mfungwa.

“Miaka yote, kila nilipotazama skrini, nilikuta moyo mwingine karibu na wako,” Mkwinda akaendelea. “Ulipoanguka, mimea ilihama ikaufuata huo. Nani alikuwa hapa juzi?”

Siwema ndiye aliyekuwa pale. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, amevua viatu kama kawaida yake.

Somoe hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikumbuka jinsi wataalamu walivyowaonya siku ile ya kwanza: kisiingie bustanini kitu chochote cha mwili, si ukucha, si unywele. Alisikia, akaitika. Lakini kitovu cha mtoto kilipodondoka, hata hakikumpitikia akilini kuwa ni katika hayo waliyokatazwa. Ukucha ni taka. Kitovu huzikwa nyumbani kwa mtoto, chini ya mti utakaokuwa wake, ili popote atakapozunguka ajue kwao ni wapi. Na nyumbani kwa Somoe palikuwa wapi tena kama si pale? Akakizika chini ya mwasumini mchanga, akafunika kwa kigae cha bakuli la buluu, akasoma dua. Utando nao ulikuwa mchanga siku zile, na wenye njaa.

Akamweleza Mkwinda yote. Mkwinda akafuta uso kwa leso. Hakuwa mtu mbaya. Binti yake mwenyewe alizaliwa katika chumba cha pili cha wodi ile, katika kiangazi kilichoua watoto wengi mjini.

Akasema sheria hairuhusu mtu kufungwa na bustani bila ridhaa yake, na kwamba yeye hatamwambia Siwema neno, maana si wake. Lakini Somoe ajue mawili. Moyo wake hautamaliza kiangazi kijacho. Na utando mzee haupokei mgeni.

“Ni yeye, au bustani inakufa nawe,” akasema. “Mwambie, Bi Somoe. Keshokutwa anapanda basi kwenda kazini. Akishapanda, mimi sitamfuata.”

“Na nikimwambia?”

“Wewe utatoka. Ukapumzike kama watu.”

Tuseme kweli, neno hilo lilimwingia Somoe. Alitamani. Alitamani kwenda sokoni mwenyewe akachague samaki, abishane na muuzaji mpaka wote wawili wacheke. Alitamani kuketi kando ya kaburi la mama yake. Mkwinda alipoondoka, Somoe alitembea hadi mlango wa ndani, akaweka kiganja chake juu yake, akahisi joto la nje likimgusa kutoka upande wa pili, na kwa muda alichokiona mbele yake hakikuwa Siwema bali njia iliyofunguka.

*

Siwema alikuja jua lilipopoa. Msichana mrefu, mcheshi, mwenye kupenda kuzungumza huku anakula. Alikuwa amepata kazi ya ualimu huko Makete, milimani, ambako watu wangali wanalima viazi nje, chini ya mbingu tupu. Wiki nzima hakuwa na habari nyingine ila blanketi. Alikuwa amelinunua. Alilileta lile blanketi bustanini, zito, la mistari, akalikunjua mbele ya mama yake.

“Mama, wanasema usiku huwezi kulala bila hili. Hebu fikiria, mtu unatetemeka kitandani kwako, halafu unajifunika, unapata joto ulilolitaka mwenyewe.”

Somoe akalishika, akalisifu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye majani. Siwema alikuwa amevua viatu mlangoni, akasema kama alivyosema tangu utotoni kuwa udongo ule unamkuna nyayo vizuri, na alivyopita, mirehani ikamgeukia. Mawaridi yakainua vichwa kidogo. Mwasumini wake ulio pembeni, mkubwa sasa kupita mtu, ukafunguka majani yote kwa pamoja. Siwema hakushangaa. Aliyaona hayo tangu anatambaa, akadhani ndivyo mimea yote inavyowapokea watu. Somoe naye aliyaona miaka yote, akadhani ni furaha yake yeye, moyo wa mama ukichangamka kwa kumwona mwanawe, na bustani ikimfuata. Labda nusu yake ilikuwa hivyo.

Alimjua mwanawe. Siwema akiwa darasa la pili alirudi nyumbani akirukaruka kwa mguu mmoja mmoja juu ya lami inayowaka, viatu amempa mwenzake. Mama mdogo alipomgombeza, alijibu kuwa yule mwenzake hana mama mwenye bustani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna watoto wachanga nyuma ya ukuta, hakuulizi lolote kuhusu yeye mwenyewe. Atafungua begi, atatoa nguo zake, atazitundika. Na ataizeekea bustani ile akiwa na blanketi jipya sandukuni.

Sasa hapo haki iko wapi? Kumficha mtu jambo linalomhusu ni kumdhulumu. Kumwambia mtu asiyejua kukataa, nako ni kumfunga kwa ulimi badala ya kamba. Somoe aligeuza jambo hilo kila upande, akakuta kila upande una miiba.

“Siwema,” akasema, “ukiambiwa ubaki, utabaki?”

Siwema akaacha kutafuna. “Nani aniambie?”

“Nauliza tu.”

“Kama ni wewe, sema neno moja, Mama. Nitabaki leo hii.” Alisema bila mzaha, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kulikunja blanketi.

Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi. Somoe alilimeza, likashuka kwa shida kama tonge kavu. Akamwambia mwanawe asiwe mpumbavu, nani aache kazi ya serikali kwa swali la mama aliyechoka, na tena alikunje vizuri lile blanketi lisije likashika harufu ya mbolea.

*

Kesho yake Somoe alikwenda kwenye dirisha dogo la nondo lililokuwa kati ya bustani na wodi, akamwita Havijawa, nesi mkuu. Walijuana kwa uso na sauti tu miaka yote ile, hawajapata kupeana mkono. Somoe alimweleza mambo yote kama yalivyo. Alitaka kuung'oa mwasumini na utando wote ulioushika, ili bustani imsahau Siwema, na asije mtu akamrudisha siku yeye mwenyewe atakapokufa. Bomba la pili lingekufa, kwa kuwa upande ule wote unapumulia mizizi ya mwasumini. La kwanza lingebaki, maadamu yeye mwenyewe yungali hai. Hakutaka kuwafanyia watoto wa watu jambo hilo kimyakimya, ndiyo maana alimwita.

Havijawa alisikiliza hadi mwisho, mikono yake imeshika nondo.

“Kwa hiyo unaniomba niwabananishe watoto wa watu chumba kimoja.”

“Nakuomba.”

“Nitawahamisha. Watabanana, watapona. Na wale watakaozaliwa Februari, dada, niwaweke wapi?”

Somoe alisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Havijawa hakumtukana. Alisema tu kuwa yeye ana wana watatu na kwamba anashukuru Mungu hakuulizwa yeye swali hilo, kisha akafunga dirisha taratibu.

Jioni ile Somoe aliuchuma mwasumini wote. Asumini huchumwa ingali vikonyo, kabla haijafunguka, ili ifungukie kifuani mwa mvaaji. Hakuacha hata kimoja. Akatunga kikuba, asumini kwa mirehani, na langilangi moja katikati, akakilaza ndani ya jani bichi la mgomba na kukinyunyizia maji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wamesema wahenga, wala hawakusema kama mzazi aujuaye huwa anapata usingizi.

*

Ijumaa alfajiri, baada ya kusali na kumwagilia, alishika jembe.

Alichimba kwa kuzunguka, mbali na shina. Kila alipokata mzizi, majani ya bustani nzima yalitikisika, na hakukuwa na upepo. Utando ulikuwa mweupe, mnene, umefumwa kama pamba ndani ya godoro. Chini kabisa jembe likagonga kitu kigumu. Akaingiza mkono, akatoa kigae cha bakuli la buluu, rangi yake haijapauka hata kidogo. Chini yake hapakuwa na kitu tena ila nyuzi zile nyeupe, zimejaa mahali pale kupita popote. Somoe alilia hapo. Alilia kwa sauti, kwa kuwa hakuwepo wa kumsikia, akaomba radhi, asijue anamwomba nani, mtoto, mti au wale wa nyuma ya ukuta.

Kisha akavuta.

Mwasumini ulianguka ubavu, akamwaga maji ya moto katika shimo kama alivyokwisha kuyaandaa. Upande ule wote majani yakajifunga. Bomba la pili likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Mimea iliyobaki ikaanza nayo kufunga, mirehani kwanza, mawaridi yakifuata, na Somoe akajua kwamba bustani ina hofu na inamtafuta mpiga ngoma. Moyo wake ulikuwa unadunda ovyo. Akasimama wima, akakandamiza nyayo kwenye udongo, akafumba macho na kuhesabu pumzi, akijikaza kisabuni, mpaka moyo ukakubali kwenda polepole. Muda mrefu ulipita kabla waridi la kwanza halijafunguka tena.

Mkwinda aliingia amevaa kiatu kimoja cha mpira, cha pili kimemshinda. Alitazama shimo, akautazama mti uliolala. Akaketi kwenye ukingo wa tuta kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

“Kulikuwa na watoto wengi nyuma ya ukuta, Bi Somoe. Umemchagua mmoja.”

“Nilimzaa mmoja.”

“Na ukifa kiangazi kijacho?”

“Basi muda wenu wa kutafuta njia nyingine ni mpaka hapo. Mmekuwa nami hapa ndani, hamkuitafuta tena. Nami naijua sababu: kila ulipotazama, ulikuta moyo mwingine. Njia mlikuwa nayo, ilikuwa inatembea miguu mitupu.”

Nje pakasikika hodi, sauti ya Siwema. Mkwinda akainuka, akamtazama Somoe kwa macho ya kuuliza, naye Somoe akageuka kukichukua kikuba. Basi mhandisi akachukua kile kiatu chake cha pili mkononi, akapishana na msichana mlangoni, akamtakia safari njema, akatoka.

Siwema aliingia na begi begani, blanketi limefungwa juu yake kwa kamba. Akamwamkia mama yake. Akaona shimo, akauliza kulikoni. Somoe akasema mti ulikuwa umeingiwa na ugonjwa wa mizizi, na kiangazi hakina huruma na mti mgonjwa, ukiuacha unaambukiza mingine. Ulikuwa uongo wenye sura ya kazi, na Siwema akausadiki, ingawa alisikitika, maana alijua ule ulikuwa mti wake. Somoe akamvisha kikuba kifuani. Asumini ilikuwa imeanza kufunguka.

“Zimo zote,” akamwambia. “Sikubakisha.”

Siwema akavua viatu ili apite kuaga, kama alivyofanya siku zote. Akatembea kati ya matuta. Akapita mirehani. Akapita mawaridi. Akasimama, akarudi hatua mbili, akapita tena. Hakuna jani lililogeuka. Aliunyoosha mkono juu ya waridi lililokuwa karibu, na waridi likabaki vilevile, linamtazama mama yake.

“Mama,” akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto, “yamenikasirikia? Mbona hayanijui leo?”

Somoe alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ila hilo. Angeweza bado kusema. Neno lile moja, hata sasa, na mwanawe angejua kuwa hakukasirikiwa na mtu.

“Yamekuaga jana, ulipolala,” akajibu. “Vaa viatu, mwanangu. Basi halingoji.”

Siwema akavaa viatu. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa pembe ya mtandio, akacheka kidogo kujionea aibu kwa kulilia mimea. Akamkumbatia mama yake kwa nguvu, kikuba kikabanwa kati yao, harufu ikajaa. Akapita mlango wa ndani. Somoe alisikia ukijifunga, kisha akasikia wa nje, kisha viatu vya Siwema kwenye lami, vikienda kwa haraka kabla jua halijapanda.

Hakumsindikiza hata kwa kukimbilia ukutani, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeanza tena kwenda mbio, na mirehani imekwisha kuanza kufunga. Nyuma ya ukuta mtoto mchanga alilia, mwingine akamwitikia. Somoe akakaa chini penye udongo, kigae cha buluu mkononi, akakandamiza nyayo zake na kupumua polepole, na majani yote ya bustani, moja baada ya jingine, yakamgeukia yeye peke yake.